Uchambuzi wa kisa: pleya ya santuri iliyokuwa inaunguruma juu ya shokesi, Dodoma

Majina, mtaa na chapa ya mashine nimevitoa. Vilivyobaki ni vile vinavyohusu sauti, kwa ajili ya mafundi na wapenzi wa santuri ambao wakisikia muungurumo wanakimbilia kufungua amplifaya.

Mazingira

Mwenye mashine ni mstaafu wa serikali, tumuite Mzee M. Ana santuri za kutosha, nyingi ni zile ndogo za inchi 7 za Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Western Jazz, na LP (santuri kubwa) za Kongo ambazo hata kuzishika lazima akuone umenawa. Pleya yake ya zamani ilishakufa siku nyingi, santuri zikakaa tu, mpaka binti yake anayeishi Uingereza alipomnunulia nyingine used, ya miaka ya 70, ya kuendeshwa na mkanda, ikaja na mzigo wa meli.

Hapo kwenye Uingereza ni bahati kidogo, maana umeme wao ni 50 Hz, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kama wetu. Hizi pleya za zamani mota zake nyingi zinafuata mapigo ya umeme, ukiletewa ya Marekani yenye mota iliyopangwa kwa 60 Hz, hata ukiweka transfoma ya kushusha volti bado itazunguka pole pole, yaani badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika unapata kama 27.8, Mbaraka Mwinshehe anaimba kama ana homa. Hiyo haikuwa shida ya huyu mzee lakini naitaja kwa sababu naulizwa sana.

Nyumba ni ya chini, sakafu ya zege ina vigae juu, kuta za tofali za saruji, sebule kama mita 4 kwa 5. Kwenye ukuta mfupi kuna shokesi kubwa ya mninga, ndefu kwenda juu, mgongo wake plaiwudi, katikati vyombo vya wageni vya Mama, mke wa mzee. Pleya ikawekwa juu kabisa ya shokesi, spika mbili kulia na kushoto kwake kwenye ubao ule ule, na sabufa imechomekwa kwenye tundu la chini la shokesi hiyo hiyo. Kwa macho ilipendeza kweli.

Malalamiko, na waliotangulia

Mzee alivyonieleza: "Mwanangu, hii kitu ukiweka sauti ya maongezi inaimba vizuri tu, ila ukitaka kucheza inaanza kulia yenyewe." Na ndo ilivyokuwa. Ukifika nusu ya sauti inaanza vuuuu ya chini, inapanda, usipokimbilia kushusha inameza muziki wote. Malalamiko mengine yalikuwa manne yamechanganyika pamoja: kuna muungurumo wa kudumu hata kama sauti ni ndogo, kuna mlio wa umeme, besi haina umbo yaani gitaa la besi na ngoma vyote vinasikika kitu kimoja, na wajukuu wakipita mbio karibu na shokesi sindano inaruka.

Kabla yetu alishapita fundi akasema amplifaya imechoka, akabadilisha kapasita, mlio ukabaki vile vile. Akaja mwingine akamuuzia miguu ya mpira ya kuweka chini ya pleya. Sauti ikabadilika kidogo sana, pesa ikawa imeshaenda. Siwalaumu sana, mtu akikuambia spika inanguruma akili inaenda kwenye umeme, ila hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtetemo unaingilia wapi.

Kwa nini sindano inasikia kila kitu

Hapa lazima tukae kidogo, bila hii sehemu mengine yote yataonekana ramli.

Sindano na katriji, yaani kile kichwa kinachoshika sindano, ni kifaa cha kupima mtikisiko, basi. Haijui huu ni wa kwenye mfereji wa santuri na huu ni wa mlango uliobamizwa. Kitu chochote kinachofanya sindano isogee tofauti na santuri kinageuka umeme, kama milivolti 5 hivi kwa katriji za kawaida za sumaku, halafu amplifaya inaukuza kama mara 100 kabla hata haujafika kwenye kitufe cha sauti. Na si hivyo tu. Toka 1954 kampuni zinatumia mpangilio mmoja unaoitwa RIAA, wakati wa kuchonga santuri besi inapunguzwa ili mifereji isiwe mipana ikala nafasi, halafu wakati wa kupiga amplifaya inairudisha. Kule chini kwenye 20 Hz inarudishwa karibu mara 10 zaidi ya sauti za katikati. Piga hesabu: 100 mara 10, ule mtikisiko mdogo wa mbao usioweza hata kuuhisi kwa kidole umeshakuzwa karibu mara elfu moja. Ndo maana pleya inalalamika mahali ambapo CD au simu kwenye shokesi ile ile inapiga vizuri bila neno.

Kwa hiyo wabunifu wa pleya wamekuwa wakipigana na kitu hicho hicho kwa njia tofauti. Zile za zamani za gurudumu la mpira, kama Garrard 301 ya miaka ya 50, mota inagusa gurudumu na gurudumu linagusa ukingo wa sahani inayobeba santuri, nguvu ipo tele lakini mtetemo wa mota nao una barabara ya moja kwa moja, ndo maana watu wanazijengea kasha zito. Mwaka 1961 kampuni ya AR ya Marekani, kazi ya Edgar Villchur, ikatoa pleya ambayo sahani na mkono wa sindano vimefungwa kwenye fremu moja inayoning'inia kwenye springi tatu, mota iko pembeni, kinachowaunganisha ni mkanda tu. Halafu Technics wakaja na SP-10 mwaka 1970, mota iko chini ya sahani yenyewe, mkanda hakuna, na familia ya SL-1200 toka 1972 wakaenda njia ya mwili mzito na miguu ya mpira, ndo zile unazoziona kwa madijei.

Ya Mzee M ilikuwa ya springi tatu. Kumbuka hilo.

Siku ya kupima

Tulienda mimi na kijana ninayefanya naye kazi. Hatukufungua kitu. Tulifanya vipimo ambavyo yeyote anaweza kufanya nyumbani kwake, na mpangilio wake una maana.

Kwanza, sahani inazunguka, mkono uko juu kwenye kishikio, sauti nusu. Tukasikia mlio wa umeme tu, hakuna muungurumo. Kwa hiyo mlio ni wa umeme, na muungurumo hautoki kwenye amplifaya. Kuangalia nyuma, ule waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye pleya ulikuwa umejikunja chini ya kapeti ya pleya haujafungwa popote. Tukaufunga kwenye skrubu ya amplifaya, mlio ukaisha. Kapasita za watu zimebadilishwa bure.

Pili, mota imezimwa, santuri imesimama, sindano imeshushwa juu yake, sauti nusu. Kijana akagonga shokesi kwa kifundo cha kidole, pembeni chini, mbali na pleya. Spika zikajibu DU, nzito, ikabaki inavuma kidogo baada ya mkono kutoka. Akagonga ukuta, kimya. Akaruka sakafuni katikati ya sebule, kimya kabisa. Hapo tulijua sakafu haina hatia, shokesi ndo mshitakiwa.

Tatu, tukazima spika tukavaa hedifoni, tukapiga santuri kwa sauti kubwa. Ile vuuuu ikapotea! Besi ikawa na mwanzo na mwisho. Hicho ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, maana kinatenganisha makosa ya pleya yenyewe na makosa yanayorudi kutoka kwenye spika. Kama kwenye hedifoni ni safi na kwenye spika ni vurugu, basi spika zinatikisa shokesi, shokesi inatikisa sindano, sindano inairudisha kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, na duara linaendelea mpaka inalia.

Ila kwenye hedifoni kulibaki muungurumo mwepesi sana. Tukabonyeza kitufe cha mono, kinachochanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, ukapungua zaidi ya nusu. Hilo lina sababu: kwenye santuri za stirio mwendo wa sindano wa kushoto na kulia ndio unaobeba kile kilicho sawa pande zote mbili, na mwendo wa juu na chini unabeba tofauti ya pande hizo. Mono inafuta tofauti. Kwa hiyo muungurumo ukipungua kwenye mono ujue mtikisiko wake ni wa wima, kwa pleya ya namna hii mara nyingi ni beringi ya sahani au springi.

Nne, tukatoa kile kifuniko cha plastiki, spika zikiwa zinapiga. Mlio ulichelewa kidogo kuanza. Kifuniko kikiwa wazi kina eneo kubwa, sauti ya hewani inakisukuma na chenyewe kinasukuma mwili wa pleya. Si shida kubwa ila ipo.

Ndipo kijana akaonyesha kwa kidole skrubu tatu zenye vichwa vyekundu juu ya pleya. Mh. Zile ni skrubu za safari, zinafungwa wakati wa kusafirisha ili fremu isicheze. Toka meli mpaka Dodoma hakuna aliyezifungua, yaani mashine iliyobuniwa kuning'inia kwenye springi ilikuwa imefungwa kwenye kasha lake imara kabisa, ni kama kuendesha gari shokapu zimechomelewa.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ungekuwa rahisi, fungua skrubu. Tukafungua. Na hali ikawa mbaya zaidi kwa upande mmoja: ule mvumo ulipungua, lakini sasa ukigusa shokesi tu sahani inayumba na sindano inaruka kirahisi kuliko mwanzo.

Kwa nini? Springi haizuii kila mtikisiko. Ina mdundo wake, na kwenye mdundo huo inaongeza badala ya kupunguza. Kuna hesabu fupi: gawanya 5 kwa kipeuo cha pili cha sentimita ambazo springi imebonyea kwa uzito, unapata Hz. Zile zilikuwa zimebonyea kama sentimita moja na nusu, kwa hiyo karibu 4 Hz. Kuanzia kama 6 Hz kwenda juu zinaanza kukinga, na kwenye 40 Hz ya sabufa zinakinga vizuri sana. Lakini pale pale kwenye 4 zenyewe zinacheza ngoma. Tukaweka simu juu ya shokesi na app inayosoma sensa ya mtetemo, tukaisukuma shokesi kidogo. Ikayumba kati ya 3 na 4 Hz. Yaani shokesi na springi zinaimba noti moja. Kuinama kuangalia miguu, mmoja umesimama juu ya kigae kilichoachia kwenye saruji, na chini yake kuna boksi la biskuti lililokunjwa mara nne kuweka usawa, limebonyea mpaka limeng'aa. Wajukuu walikuwa wakipita wanakanyaga kigae kile kile, sio kwamba zege ya sebule ilikuwa inatikisika.

Mjukuu mkubwa aliona video ya wazungu wanaweka pleya juu ya tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kidogo, akatoka akarudi na tyubu. Tukajaribu, kwa nini tusijaribu, tyubu chini, ubao juu, pleya juu ya ubao. Ikawa kama jeli. Kitu laini juu ya kitu laini, kila kimoja na mdundo wake, mkono wa pleya ukawa unaelea kama hauna kwao. Ile mbinu ni nzuri kwa pleya yenye mwili mgumu isiyo na springi, kwa hii ilikuwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Pia ushauri mwingi wa mtandaoni unatoka kwenye nyumba za sakafu za mbao, ambako mtu akitembea nyumba nzima inapumua, ndo maana wanasisitiza rafu ya ukutani. Sisi tuna zege chini. Kitu bora kuliko vyote kwa kutuliza pleya mzee alikuwa anakikanyaga kila siku.

Nilipendekeza kwanza rafu ya ukutani, Mama akakataa, ukuta umepakwa rangi juzi. Nikapendekeza kushusha spika zote kwenye shokesi, Mama akasema, "Baba, spika toeni, sabufa toeni, lakini shokesi hiyo haisogei, vyombo vyangu vimo." Haki yake. Basi tukakubaliana hivi: pleya ndo ihame. Stendi fupi ya skwea paipu kwa fundi wa kuchomelea, miguu minne, ndani ya paipu mchanga mkavu ili chuma kisilie ukikigonga, juu kipande cha graniti kilichobaki kwa watu wanaotengeneza meza za jikoni, sentimita 50 kwa 40 unene 3, kama kilo 16. Kati ya chuma na graniti tukaweka mkeka mwembamba wa mpira kwa sababu graniti peke yake ukiigonga inalia ngii. Wapo wanaopenda pleya za springi zikae kwenye meza nyepesi na ngumu, na wana hoja zao, ila juu ya zege uzito haukutusumbua.

Stendi tukaiweka ukuta mrefu, mbali na kona. Kwenye sebule ya mita 4 kwa 5 besi inajaa ukutani na kwenye kona karibu na 34 Hz na 43 Hz, ukiweka pleya kwenye kona umeipeleka pale pale besi inapokusanyika. Spika zikapata stendi zake sakafuni, sabufa ikaenda upande wa pili karibu na televisheni.

Mwisho tukaweka pima maji juu ya sahani, tukarekebisha springi moja moja mpaka ukiisukuma sahani kwa kidole inadunda juu chini tu, wima, bila kuyumba pembeni. Hii kazi inakula muda na haina njia ya mkato. Springi moja ikiwa chini, fremu inainama na mkanda unapanda kwenye puli.

Matokeo

Mlio wa kujirudia haukutokea tena kwa sauti yoyote ambayo mtu anaweza kukaa nayo sebuleni. Kugonga stendi kwa kifundo kunasikika kwa mbali sana, kugonga shokesi hakusikiki kabisa. Wajukuu wanapita.

Kwenye muziki tofauti kubwa ilikuwa besi. Mzee aliweka Morogoro Jazz akanyamaza, halafu akasema gitaa la besi lilikuwa linapotea kwenye ngoma na sasa anaweza kulifuata lenyewe. Hapo hatukubadilisha katriji wala spika. Unapoondoa mvumo wa 40 Hz unaoning'inia muda wote, noti zinapata nafasi ya kukatika.

Koni za spika bado zinatembea ndani nje polepole kwenye LP zilizopinda, hata pale ambapo hakuna besi. Huo ni mwendo wa chini usiosikika, uzito wa mkono na ulaini wa katriji vina mdundo wao, kwa hesabu yetu karibu 8 Hz, na santuri iliyopinda inauchokoza. Amplifaya ina kitufe cha kukata masafa ya chini, tukamuonyesha akibonyeze kwa santuri hizo.

Kilichofanya kazi na kilichogoma

Kilichofanya kazi zaidi ni kutenganisha spika na pleya, na ungefanya hilo peke yake bila stendi wala graniti ungepata sehemu kubwa ya faida bure. Kufungua skrubu ni la pili, lakini lilihitaji mahali imara ndipo lifae. Stendi ni la tatu, na kwa kusema ukweli meza yoyote fupi isiyoyumba ingekaribia. Graniti ni pambo lenye faida.

Miguu ya mpira iligoma kwa sababu ilikuwa migumu mno kwa uzito ule, imebonyea kidogo sana, chini ya milimita moja. Rudi kwenye hesabu: milimita moja inakupa karibu 16 Hz, kwa hiyo inaanza kukinga juu ya 22 hivi, na kule chini ambako amplifaya inakuza zaidi haina msaada, inaweza hata kuongeza. Mpira kuwa mpira haimaanishi unakinga. Angalia umebonyea kiasi gani.

Kilichobaki ni ule muungurumo mwepesi wa wima. Tulitoa sahani, beringi imekauka, mafuta yamegeuka gundi na vumbi letu hili la Julai limeingia, tukasafisha tukaweka mafuta mapya mepesi, ukapungua ila haukuisha, kuna mlio kidogo wa kuchakaa. Kwenye spika hausikiki santuri ikiwa inapiga. Santuri zake nyingi za inchi 7 ni mono, hivyo anaacha kitufe cha mono kimebonyezwa na hapo hata kwenye hedifoni ni shwari.

Mzee aliuliza kama anaweza kuweka kile kizito cha kukandamiza santuri zilizopinda, ameona mtu anacho. Kwa hii pleya tulimkatalia, springi zimepangwa kwa uzito wa sahani na mkono, ukiongeza karibu kilo nzima katikati fremu inashuka, mkanda unahama kwenye puli na kazi yote ya pima maji inaanza upya. Kama anakitaka sana, inabidi springi zipangwe upya kikiwa kimeshawekwa, na kisitoke tena.